Nipe Mji: Jinsi Waingereza Walivyonogewa na Hadithi za Upelelezi

Gauni la kulalia ndilo lililoanzisha mambo. Mwishoni mwa Juni 1860, katika kijiji cha Road, kusini-magharibi mwa Uingereza, mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka minne alichukuliwa kitandani usiku. Asubuhi maiti yake ikakutwa kwenye choo cha uani, koo limekatwa. Wiki mbili baadaye akaletwa kutoka London Jonathan Whicher, mmoja wa makachero wa mwanzo wa Scotland Yard, polisi ya London, ambayo kitengo chake cha upelelezi kiliundwa mwaka 1842 kikiwa na watu wanane tu. Whicher hakuhangaika sana na kisu. Alishika orodha ya nguo zilizopelekwa kwa dobi, akahesabu. Constance, dada wa marehemu kwa baba, msichana wa miaka 16, alikuwa na magauni matatu ya kulalia. Sasa yalikuwepo mawili.

Akamkamata. Nchi ikamjia juu: yeye mtoto wa mtunza bustani, ana ubavu gani wa kupekua nguo za ndani za binti wa watu? Constance akaachiliwa kwa kukosa ushahidi, Whicher akarudi London kichwa chini, na mwaka 1864 akastaafu kabla ya wakati wake. Mwaka uliofuata binti akaungama mwenyewe.

Lakini katika kisa hiki kinachotuhusu sisi wasomaji ni barua. Kiangazi kile kizima watu ambao hawajakanyaga Road waliwaandikia wahariri, serikali na polisi, kila mmoja na muuaji wake mkononi. Msiba wa watu ulikuwa umegeuka fumbo la taifa. Wilkie Collins aliliona hilo, na mwaka 1868 riwaya yake The Moonstone ikaanza kutoka kwa mfululizo katika jarida la rafiki yake Charles Dickens. Humo mna gauni la kulalia lililopotea, ila doa lake ni la rangi ya mlango, si damu. Mna Sajini Cuff, kachero mkavu ambaye moyo wake uko kwenye mawaridi. Mna pia mzee Betteredge, msimamizi wa nyumba, anayekiri kwamba ameshikwa na homa ya upelelezi: hatulii, anataka kujua. Homa hiyo ndiyo iliyowashika waandika barua wa mwaka 1860. (Msomaji wa huku kwetu atatazama na jambo jingine: almasi inayotafutwa kitabu kizima iliporwa na ofisa Mwingereza huko India, na Collins hafichi kwamba wenyewe ni Wahindi. Waliomfuata hawakuwa na ungwana huo kila mara.)

Nimewahi kuulizwa utamu uko wapi katika kusoma habari za maiti. Jibu langu ni kwamba maiti ni kisingizio tu. Kinachochezwa pale ni kitendawili. Mtegaji hupaza sauti, wenzake wakamjibu tega, wakabahatisha wee, wakishindwa hutakiwa kumpa mji. Na akishapewa mji wake haruhusiwi kubabaisha. Jibu lazima liwe lilikuwemo ndani ya kitendawili chenyewe, ili waliokaa wajigonge paji la uso na kusema "kumbe!" Mtegaji asiyetimiza hilo hawamtegei sikio tena. Waingereza walichukua zaidi ya nusu karne kuifikia kanuni hii ambayo bibi zetu walikuwa nayo jikoni.

Tazama Sherlock Holmes. Arthur Conan Doyle, daktari mwenye wagonjwa wachache, aliuza hadithi ya kwanza ya Holmes kwa pauni 25, haki zote zikaenda, ikatoka mwaka 1887. Umaarufu wenyewe ulikuja mwaka 1891 katika jarida la Strand, kwa hadithi fupi zinazoanza na kwisha katika toleo moja, saizi ya safari ya treni. Katika The Sign of the Four Dk. Watson anampa rafiki yake saa ya mfukoni, amjaribu. Holmes anaigeuza, anaifungua, kisha anasema aliyekuwa nayo alikuwa mzembe, alipata akapoteza, na mwisho pombe ikammaliza. Kajuaje? Kifuniko kimebonyea kwa kugongana na sarafu mfukoni. Ndani mna namba nne za maduka ya rehani, zimekwaruzwa kwa ncha ya sindano. Na kandokando ya tundu la ufunguo mna michubuko mingi: mkono wa mlevi unaotia saa ufunguo usiku, unatetemeka, haulengi. Watson anakasirika, kwa sababu saa ile ilikuwa ya kaka yake.

Tamu kweli. Lakini msomaji hapa ni mtazamaji. Michubuko ile hakuonyeshwa mapema. Ameonyeshwa pamoja na jibu. Ni raha ya kusimama mlangoni mwa fundi stadi na kumwangalia akifanya kazi, nayo haikuwa ndogo hata kidogo: Doyle alipomtupa Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach, Desemba 1893, inasemekana wasomaji zaidi ya 20,000 walikatisha usajili wao wa Strand. Mwandishi alitaka nafasi ya kuandika riwaya za historia alizoziona za maana zaidi. Wasomaji hawakumpa. Mwaka 1903 ilibidi amfufue.

Vita Kuu ya Kwanza iliua Waingereza zaidi ya 700,000, na baada yake ndipo fumbo likawa la haki. Yaonekana ajabu kwamba taifa lililochoka na mazishi likimbilie vitabu vya mauaji, ila vifo vya vitabuni vilikuwa na kitu ambacho mahandaki ya Ufaransa hayakuwa nacho: kila kifo kina aliyekisababisha, na anajulikana kabla ya ukurasa wa mwisho. Agatha Christie alikuwa amefanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay wakati wa vita. Huko alijifunza sumu, na mjini aliwaona wakimbizi wa Ubelgiji. Mwaka 1920 akamleta Hercule Poirot, mkimbizi mfupi mwenye masharubu ya madaha. Inafahamika kwamba sifa aliyoithamini sana kwa kitabu kile ilitoka kwenye jarida la wafamasia: sumu yake ilikuwa sahihi.

Kanuni zikaandikwa. Mwaka 1929 padri Mkatoliki Ronald Knox alitoa amri kumi za hadithi ya upelelezi. Mizimu na nguvu za kimiujiza marufuku. Chumba au njia ya siri isizidi moja. Mapacha wasichomoke ghafla mwishoni. Mwaka uliofuata ikaundwa Detection Club, G. K. Chesterton mwenyekiti, Christie na Dorothy L. Sayers wanachama, na waliojiunga waliapa, mkono juu ya fuvu lililopewa jina la Eric, kwamba hawatamficha msomaji kidokezo cha maana. Kiapo kilikuwa cha utani. Kanuni haikuwa utani.

Mfano wake bora ni The Murder of Roger Ackroyd ya mwaka 1926. Tajiri amechomwa jambia katika chumba chake cha kusomea. Watu wote wanaulizana juu ya jambia, juu ya nyayo za viatu dirishani, juu ya simu iliyopigwa usiku. Poirot anashughulika na kiti. Mtumishi anakumbuka kwamba maiti ilipogunduliwa kiti kimoja kikubwa kilikuwa kimesogezwa mbele kutoka mahali pake pa kawaida. Baadaye kimerudishwa, na hakuna anayekiri kukigusa. Wenyeji wanaona ni upuuzi. Msomaji naye anaona hivyo, anafunua ukurasa, na papo hapo ameshashindwa. Kitabu kilipotoka, wapo walionuna kwamba wamechezewa rafu. Sayers alimtetea mwenzake: kazi ya msomaji ni kushuku. Mimi niko upande wa Sayers. Nimekisoma mara tatu nikitafuta uongo, sijauona hata mmoja.

Hapo vitabu vilishakuwa vya kila mtu. Kampuni ya maduka ya dawa ya Boots ilikuwa na maktaba za kukodisha vitabu, kwa hiyo mtu aliweza kubeba dawa ya kikohozi na kisa cha sumu kwa safari moja. Julai 1935 Allen Lane alitoa vitabu kumi vya kwanza vya Penguin, bei nusu shilingi, sumuni kwa lugha ya wazee wetu, sawa na pakiti ya sigara kumi. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vya upelelezi, cha Christie na cha Sayers, vina majalada ya kijani.

Wenye elimu hawakukubaliana juu ya raha hii. Mhakiki Mmarekani Edmund Wilson aliuliza mwaka 1945 ni nani anayejali aliyemuua Ackroyd, baada ya makala yake ya awali kuvuna barua za hasira. Mshairi W. H. Auden, mwaka 1948, alikiri kwamba kwake ni ulevi kama tumbaku: akianza hawezi kuacha, na akimaliza husahau kila kitu. Nusu ya kwanza naikubali.

Zanzibar nayo ilionja. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale kikachapishwa. Bwana Msa wake, aliyebeba herufi za mwanzo za jina la mwandishi, ana kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Anayemjua Holmes hapati taabu kuitambua nasaba yake. Lakini maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo wenyeji tayari wana mshukiwa wao, naye si binadamu. Knox alipopiga marufuku mizimu katika vijiji vya Uingereza hakupoteza kitu, maana hakuna msomaji wake aliyemdhania pepo. Bwana Msa alilazimika kuushinda mzimu kwanza, mbele ya watu wanaouogopa, ndipo amtafute mtu. Kazi yake ilikuwa nzito kuliko ya Poirot, na Kisima cha Giningi (1968), ambacho jina lake tu ni la kichawi, kinaonyesha kwamba hakuiogopa.

Huko London mchezo wa Christie, The Mousetrap, ulifika jukwaani tarehe 25 Novemba 1952 na bado unachezwa. Ni korona tu iliyousimamisha kwa muda mwaka 2020. Kila usiku mwishoni mwigizaji huwaomba watazamaji wasiende kumtaja muuaji. Nami naomba vivyo hivyo juu ya Ackroyd. Kisome, kaa na kile kiti, na ukishindwa mji mpe Bibi Christie, si mimi.