Dirisha na Majina Yake

Siku moja tuliwaonyesha wanafunzi wetu hapa Mwanza picha ya nyumba yenye kidirisha kilichochomoza katikati ya mteremko wa paa, nacho kina kuta zake na kipaa chake. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hicho chaitwaje?" Mwingine akacheka, akasema kwamba babu zetu hawakuwa na dirisha hata moja, kwa kuwa walikuwa wajinga. Tukaona yafaa kuwajibu wote wawili.

Nyumba ya wazee wa Usukuma ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi. Mwanga uliingia mlangoni. Moshi wa mekoni ulipenya katika nyasi, ukawafukuza wadudu walao paa. Huo si ujinga. Walijenga kwa kadiri ya haja yao.

Mwaka 1858 Speke alipoliona ziwa hapa Mwanza, alifuatana na watu wa msafara, mmoja wao Sidi Mubarak Bombay. Misafara ya namna hiyo ndiyo iliyoeneza Kiswahili bara, nacho kilichukua majina ya nyumba za mawe za pwani. Dirisha ni neno la Kiajemi, maana yake mlango mdogo. Roshani nalo asili yake ni Kiajemi, maana yake mwanga. Shubaka ni la Kiarabu: kwao ni dirisha lenye wavu, lakini pwani limekuwa kidaka cha ukutani cha kuwekea vitu, kisichopitisha hata upepo.

Je, Wazungu hawakukopa? Waingereza walilipata jina la dirisha kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, maana yake jicho la upepo. Na lile la paani walilitoa katika neno la Kifaransa la kulala, kwa kuwa liliangaza chumba cha kulala kilicho chini ya paa.

Basi kila taifa lilitaja lililoliona: huyu mlango, huyu mwanga, huyu upepo, huyu usingizi. Sisi twashauri liitwe dirisha la paa. Kila msikiaji atafahamu. Ila fundi aangalie sana pale kipaa kidogo kinapokutana na paa kubwa, maana ndipo mvua ya ziwa ipenyapo.

Na yule aliyecheka tulimwambia: kukopa neno si aibu, aibu ni kumdharau aliyekujengea nyumba ya kwanza.