Mwanafunzi wa Tiba ya Dharura na Uchaguzi wa Chama cha Kitaaluma

Kijana kutoka Kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, anayepokelewa chuoni kusomea udaktari, uuguzi au utabibu hukuta vyama vingi vinavyomkaribisha kujiunga, kila kimoja kikiwa na kiingilio na ada yake ya mwaka. Fedha alizonazo mara nyingi ni za mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, au za mzazi aliyeuza magunia ya alizeti. Kwa mwanafunzi aliyekusudia kubobea katika tiba ya dharura, kujua kipi kinamfaa na kipi kinaweza kusubiri ni jambo la kufikiriwa kabla ya kulipa.

Jambo la kwanza ni kutofautisha chama na baraza, kwa kuwa wengi huvichanganya. Leseni ya kutibu haitolewi na chama chochote. Madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, wakiwamo matabibu, husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lililo chini ya sheria ya mwaka 2010. Kusajiliwa na baraza ni wajibu kwa kila anayetaka kufanya kazi hiyo, ilhali kujiunga na chama ni hiari. Chama cha wafanyakazi nacho ni kitu kingine, kwani kazi yake ni kutetea mishahara na masharti ya ajira, na mwanafunzi ambaye bado hajaajiriwa hana haraka nacho. Anayeambiwa kwamba bila kadi ya chama fulani hatapata leseni anapaswa kuuliza baraza lenyewe kabla ya kutoa fedha.

Tiba ya dharura ni taaluma changa nchini. Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kikaanza kufundisha udaktari bingwa katika fani hiyo. Wahitimu wa kwanza walimaliza mwaka 2013. Kabla ya hapo mgonjwa mahututi alipokelewa na daktari wa zamu, awe na mafunzo mahususi ya dharura au asiwe nayo. Baadaye, kupitia mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 uliotengewa Shilingi trilioni 1.3, Serikali ilijenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali nyingi za mikoa na halmashauri. Jengo hukamilika kwa miezi, bali bingwa husomeshwa kwa miaka, na kwa hiyo daktari au muuguzi anayepangiwa hospitali ya mkoani anaweza kujikuta peke yake katika fani yake.

Hapo ndipo thamani ya Chama cha Tiba ya Dharura Tanzania (EMAT) inapoonekana. Chama hicho kilianzishwa mwaka 2011, mwaka mmoja tu baada ya mafunzo kuanza Muhimbili. Mwanafunzi anayehudhuria mikutano yake hukutana na watu ambao kesho watakuwa wakipokea rufaa zake, na pengine ndio atakaowapigia simu usiku wa manane akiwa na majeruhi wa ajali ya barabara kuu ya Dodoma hadi Mwanza. Kwa atakayefanya kazi nchini, hiki ndicho chama cha fani kinachostahili kufikiriwa kwanza.

Hata hivyo, anayesoma shahada ya kwanza bado hajawa bingwa, na huenda akabadili nia akishapita wodi ya watoto au chumba cha upasuaji. Huyo anaweza kuanzia Chama cha Wanafunzi wa Udaktari Tanzania (TAMSA), kisha akaongeza cha fani pindi uamuzi wake utakapokomaa. Chama cha Madaktari Tanzania (MAT) na Chama cha Wauguzi Tanzania (TANNA) ni vyama vya kada nzima. Umuhimu wake huongezeka wakati wa utarajali na baada ya ajira, kwa kuwa mafunzo endelevu ya kitaaluma huhitajika katika kuhuisha leseni, na makongamano ya vyama ni mojawapo ya njia za kuyapata.

Nje ya mipaka lipo Shirikisho la Tiba ya Dharura Afrika (AFEM), lililoundwa mwaka 2009. Jarida lake la kitaalamu husomwa na yeyote kwenye intaneti bila malipo, hivyo si busara kulipa ada kwa ajili ya kusoma jarida pekee. Faida kubwa zaidi ya shirikisho hilo ni makongamano na kazi za pamoja zinazohusu mazingira ya Afrika. Shirikisho la kimataifa, IFEM, limejengwa hasa juu ya vyama vya nchi, na mwanachama wa chama cha nyumbani tayari yuko karibu na mlango wake. Vyama vya Marekani na Uingereza vina vitabu na mafunzo mazuri, lakini sehemu ya ada yake hugharimia mambo ya huko, kama vile mitihani ya ubingwa na masuala ya bima, ambayo hayamsaidii atakayefanya kazi Singida.

Kipimo kizuri ni kuuliza chama kimewahi kuwafundisha nini watumishi wa ngazi ya chini. Mfano ni kozi ya huduma za msingi za dharura iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kwa ushirikiano na IFEM. Kozi hiyo ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia. Inamfundisha mtumishi asiye na vifaa vingi namna ya kumhudumia mwenye majeraha, anayeshindwa kupumua, aliye katika mshtuko wa mzunguko wa damu au aliyepoteza fahamu. Mgonjwa wa Unyambwa huhitaji huduma hiyo kabla ya gari la wagonjwa kufika, na pia kabla ya safari ya takribani kilomita 240 kwenda Dodoma iwapo atapewa rufaa.

Kabla ya kulipa, mwanafunzi aombe kuiona katiba ya chama na cheti cha usajili, ambacho kwa jumuiya za kitaaluma hutolewa na Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Aulize kama lipo daraja la wanafunzi lenye ada nafuu, na kama daraja hilo linampa haki ya kupiga kura au kuhudhuria tu. Malipo yafanyike kwa akaunti yenye jina la chama, kamwe yasiende kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na risiti itunzwe. Akishahitimu, awaarifu viongozi wa chama ili daraja lake libadilishwe, kwa sababu ada ya mwanafunzi haimhusu tena.