Nizwa: Askari wa zimamoto na majirani wanaojitolea

Katika mji wa Nizwa, nchini Oman, moto na mafuriko hukabiliwa na askari walioajiriwa na kufunzwa kwa kazi hiyo. Lakini kabla gari lao halijafika, na baada ya kuondoka, kazi hubaki mikononi mwa majirani. Miongoni mwa majirani hao wamo watu wenye asili ya Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki.

Swali linalojirudia kila msimu wa mvua ni hili: raia mwenye nia njema afanye nini, na wapi asimame?

Mji wa mitende na mabonde

Nizwa ni makao makuu ya mkoa wa Ad Dakhiliyah, kiasi cha kilomita 150 kutoka Maskati, chini ya milima ya Jabal Akhdar. Mji huo unajulikana kwa ngome yake, soko lake na mashamba ya mitende yanayonyweshwa kwa mifereji ya kale iitwayo aflaj. Mmoja wa mifereji hiyo, Falaj Daris, uliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na mingine minne ya Oman.

Mandhari hayo mazuri ndiyo pia chanzo cha hatari. Mitende imepandwa kwa kusongamana, njia za mtaa wa kale wa al-Aqr ni nyembamba, na bonde la Wadi Kalbuh linapita kando ya soko. Siku nyingi za mwaka bonde hilo huwa kavu, na watu huegesha magari humo bila ya wasiwasi.

Kutoka polisi hadi mamlaka maalumu

Kwa miaka mingi huduma ya zimamoto nchini Oman ilikuwa sehemu ya Polisi ya Kifalme. Mwaka 2013 amri ya kifalme iliunda mamlaka ya umma iliyounganisha ulinzi wa raia na magari ya wagonjwa. Wenyeji huiita kwa Kiarabu Difaa Madani, yaani ulinzi wa raia.

Watumishi wake huvaa sare, hupanda vyeo kama askari wengine na hukaa vituoni kwa zamu, usiku na mchana. Kazi zao si kuzima moto tu. Huokoa watu waliokwama ndani ya magari yaliyogongana, walioanguka milimani na visimani, na waliochukuliwa na maji.

Mpango huo unatofautiana na ule wa nchi kadhaa za Magharibi. Nchini Ujerumani takriban watu milioni moja ni wazimamoto wa kujitolea: waalimu, wakulima na mafundi wanaoacha shughuli zao king'ora kinapolia, na miji mikubwa peke yake ndiyo yenye vikosi vya kuajiriwa. Nchini Marekani pia zaidi ya nusu ya wazimamoto hawalipwi mshahara wa kudumu. Lakini watu hao wa kujitolea wamefunzwa, wana vifaa na wana mkubwa wanayemtii. Hawaingii motoni kwa ujasiri mtupu.

Unapopiga 9999

Nambari ya dharura nchini Oman ni 9999. Anayepiga hutakiwa kueleza mambo matatu: mahali alipo, jambo lililotokea, na kama kuna mtu aliyenasa au kuumia. Mahali ndipo panapowashinda wengi, hasa wageni walioajiriwa majumbani ambao hawajui jina la mtaa. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda anayefanya kazi huko, ni busara kuandika anwani ya nyumba karibu na mlango, na kujua maneno machache ya Kiarabu: hariq ni moto, isaaf ni gari la wagonjwa, na wadi ni bonde linaloteremsha maji.

Kwa nini moto wa shamba ni mgumu

Moto wa shamba la mitende hausambai kama moto wa nyumba. Makuti makavu yaliyoachwa yakining'inia hushika haraka, na upepo huyarusha hadi mti wa jirani. Nyuzi zinazozunguka shina huficha makaa kwa saa nyingi baada ya miali kuzimwa, na moto unaweza kuamka tena usiku.

Gari kubwa la zimamoto mara nyingi haliwezi kupita kati ya kuta za udongo, kwa hiyo askari hulazimika kuvuta mipira ya maji kwa miguu. Hapo ndipo jirani anapokuwa na thamani kubwa. Yeye ndiye anayejua njia, anayejua shamba ni la nani, na anayeweza kusema kama kuna mtu ndani.

Kazi kubwa zaidi hufanywa kabla ya moto: kukata makuti makavu, kutochoma taka siku ya upepo, na kutoegesha gari katika kipenyo pekee cha kuingilia.

Wadi inaposhuka

Hatari inayoua kwa ghafla zaidi ni maji. Mvua inaweza kunyesha juu ya Jabal Akhdar huku jua likiwaka mjini, na wadi ikateremka ikibeba mawe na miti. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuchukua gari dogo. Yakifika sentimita 60 huweza kusomba magari mengi, hata yale makubwa. Kuvuka wadi kwa makusudi wakati maji yanashuka ni kosa la kisheria nchini Oman.

Tarehe 14 Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Samad al-Shan, katika wilaya ya al-Mudhaibi, mkoa wa Sharqiyah Kaskazini. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo wanafunzi waliosombwa na maji ndani ya gari. Vikosi vya uokoaji, polisi na wananchi walitafuta miili kwa siku kadhaa. Msiba huo ulisikika hadi Unguja na Pemba, kwani koo nyingi za Sharqiyah zina ndugu visiwani.

Fazaa na mipaka yake

Waarabu wa Oman wana neno fazaa, lenye maana ya kuitika haraka mwito wa mwenye shida. Ni jambo ambalo Mswahili analielewa bila ya kufafanuliwa: yowe likipigwa, kila mtu hutoka.

Baada ya kimbunga Shaheen kuipiga pwani ya al-Batinah tarehe 3 Oktoba 2021, maelfu ya watu kutoka mikoa mbalimbali walikwenda huko na makoleo, chakula na magari. Walitoa matope majumbani na kugawa maji ya kunywa. Kazi hiyo isingewezekana kwa askari peke yao.

Hata hivyo, anayejitosa katika wadi bila ya kamba wala jaketi la kuokolea huweza kuwa mtu wa pili wa kutafutwa. Waokoaji waliofunzwa hutumia kamba, mashua na, inapobidi, helikopta za polisi au za jeshi la anga. Raia husaidia zaidi kwa kupiga simu, kuwazuia wengine wasivuke, na kukumbuka mahali gari lilipoonekana mara ya mwisho.

Funzo kutoka Bukoba

Afrika Mashariki nayo inalijua suala hili. Ndege ya shirika la Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliofika mwanzo. Watu 24 walinusurika na 19 walipoteza maisha. Mmoja wa wavuvi hao, kijana Majaliwa Jackson, baadaye aliingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania, ambalo nambari yake ya dharura ni 114.

Uamuzi huo ulikuwa na maana kupita zawadi kwa mtu mmoja. Ulikubali kwamba moyo wa kusaidia tayari upo kwa wananchi. Kinachotakiwa, Bukoba kama Nizwa, ni kuupa mafunzo na vifaa kabla ya siku ya msiba.