Mchoraji wa Vita Ambaye Hakuyaona Mapigano

Mwaka 1874, wakuu wa taasisi ya sanaa ya Royal Academy jijini London walilazimika kumweka polisi mbele ya picha moja ili umati usiiharibu. Picha yenyewe, "The Roll Call", ilikuwa ya askari wa Vita vya Crimea. Wamepanga mstari kwenye theluji baada ya mapigano, majina yanaitwa ili ijulikane nani amesalia. Wengine wamefungwa bendeji, wengine wameegemea bunduki zao, na mmoja ameanguka kifudifudi. Shangwe ya ushindi haimo.

Aliyeichora alikuwa mwanamke wa miaka 27, Elizabeth Thompson, aliyezaliwa Lausanne, Uswisi, kwa wazazi Waingereza. Malkia Victoria aliitaka picha hiyo, na mfanyabiashara wa Manchester aliyekuwa ameiagiza hakuwa na budi kumwachia.

Nimezifuata kazi zake moja baada ya nyingine, na kila mara najiuliza jambo lile lile: mtu ambaye hakuwahi kuyaona mapigano aliujuaje uchovu wa askari? Jibu ni kwamba aliutafuta kwa waliouonja. Aliwaita wakongwe wa Crimea wamkalie kama vielelezo, na sare za zamani alizisaka hadi katika duka la rehani kwenye mtaa wa makabwela wa Chelsea. Kwa ajili ya picha yake "Quatre Bras" ya mwaka 1875, wanajeshi wa uhandisi walijipanga mbele yake katika umbo la mraba na kufyatua bunduki ili aone moshi unavyotanda. Mhakiki mkubwa wa enzi hiyo, John Ruskin, aliiona picha hiyo, akakiri hadharani kwamba hadi siku ile aliamini mwanamke hawezi kuchora.

Mwaka 1877 aliolewa na Meja William Butler, Mkatoliki wa Ireland, na baadaye akajulikana kama Lady Butler. Miaka miwili baadaye, wakati Uingereza ikipigana tena Afghanistan, alionyesha "The Remnants of an Army". Ni daktari William Brydon, Januari 1842, anayumba juu ya farasi aliyechoka hoi, akikaribia ngome ya Jalalabad. Nyuma yake, msafara wa watu wapatao 16,000 waliotoka Kabul ulikuwa umeangamia. Kwangu hiyo ndiyo picha yake kuu. Jeshi zima limekwisha, naye anakuonyesha mtu mmoja tu.

Kisha njia yake inaingia Afrika, na hapo ndipo ninapomwona akipungukiwa. Tarehe 22 Januari 1879, Wazulu waliwaua askari wa Uingereza na wasaidizi wao wapatao 1,300 huko Isandlwana. Usiku huo huo, Waingereza wapatao 150 walikilinda kituo cha Rorke's Drift, na 11 kati yao wakatunukiwa nishani ya Victoria Cross. Malkia aliagiza tukio hilo lichorwe. Lady Butler alisita, kwa kuwa haikuwa desturi yake kuchora watu wakiuana, lakini agizo la Malkia halikataliki kirahisi. Askari waliorudi wakaigiza mapambano yao mbele yake mjini Portsmouth. Picha ilikamilika mwaka 1880. Nyuso za Waingereza zinatambulika moja moja, ilhali Wazulu, waliokuwa maelfu na waliokuwa wakiitetea nchi yao, wamemezwa na giza pembeni. Mumewe mwenyewe, aliyekuwa ametumikia Natal wakati wa vita hivyo vya Waingereza na Wazulu, hakuipenda kazi hiyo.

Alikuwa na uwezo wa kuwaona walioshindwa. Mwaka 1890 alionyesha "Evicted": mwanamke wa Ireland amesimama peke yake kando ya magofu ya nyumba yake, na waliomfukuza wanaondoka zao. Alikuwa amefika mahali pa tukio kama hilo huko Wicklow wakati moto ungali ukifuka. London ilizoea kumshangilia kwa picha kama "Scotland Forever!" ya 1881, ambamo farasi wanakuja mbio wakimkabili mtazamaji. Hii ya Ireland haikununuliwa, na Waziri Mkuu Salisbury aliifanyia mzaha. Leo imehifadhiwa Dublin. Jicho lile lile lililomtambua mwanamke wa Wicklow lingeweza kumtambua Mzulu, kama angepewa nafasi ya kukaa mbele yake. Hakupewa, na picha ya Rorke's Drift ikabaki nusu ya habari.

Royal Academy nayo haikumpokea. Mwaka 1879 jina lake lilipigiwa kura, akakosa uanachama kwa kura mbili. Alifariki Ireland mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka 1936, kwa mara ya kwanza tangu wale wanawake wawili walioshiriki kuianzisha mwaka 1768, taasisi hiyo ilimpa mwanamke uanachama kamili. Alikuwa Laura Knight.