Kinshasa na Lubumbashi: umbali wa saa mbili

Kwa mstari ulionyooka wa angani, Kinshasa na Lubumbashi zimetengana kwa kilomita 1,550 hivi, na ndege huvuka masafa hayo kwa muda wa saa mbili. Abiria aondokaye Kinshasa saa mbili za asubuhi hufika saa tano kwa majira ya Lubumbashi, kwa kuwa saa za mashariki mwa nchi hutangulia zile za magharibi kwa saa moja. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haielezi umbali wote uliopo baina ya miji hiyo.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Mwaka huohuo reli ilifika kutoka kusini, kupitia Rhodesia. Mlango wa mji ulielekea basi bandari za Beira na Cape Town, wala si Mto Kongo. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1928 ndipo reli ya kampuni ya BCK ifike Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Hapo treni ilikoma. Watu na shaba walihamia melini na kuteremka mto Kasai, wakaingia Kongo hadi Kinshasa. Reli ya kuziba pengo hilo haijajengwa mpaka leo.

Ndege haikuziba pengo. Iliruka juu yake. Kampuni ya Sabena, iliyoundwa mwaka 1923, iliunganisha miji hiyo miwili katika miaka ya 1920, na safari ikafupika tangu hapo. Lakini njia ya angani ni nyepesi kufungwa. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Kesho yake ndege iliyowachukua Rais Joseph Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Patrice Lumumba ilizuiliwa kutua Élisabethville. Wakuu wa nchi walifika juu ya mji ule, wasiweze kuukanyaga. Tarehe 17 Januari 1961 uwanja ulifunguliwa kwa Lumumba, akiwa mfungwa. Usiku uleule aliuawa.

Hasara nyingine ni ya kimyakimya, nayo inahusu lugha. Msafiri wa reli na mto aliondoka katika Kiswahili, akapita katika Kiluba cha Kasai, akashuka katika Lingala. Kila kituo kilimlazimu kujifunza kumsalimu mwenyeji na kununua chakula kwa maneno ya mahali pale. Msafiri wa ndege huagwa kwa Kiswahili na kupokewa kwa Lingala, na katikati hakuna aliyesema naye ila mhudumu. Kwa saa mbili amefika; nchi iliyo kati ya miji hiyo hajaisikia.