Ndovu wa Sekenke

Mtu akipekua picha za sarafu kongwe kwenye intaneti, hakosi kukutana na ndovu. Amesimama kainua mkonga, nyuma yake pana mlima, na chini yake mwaka 1916. Upande wa pili yupo tai wa Kaiser, na thamani: rupia 15. Sarafu ni ya dhahabu, na katika minada ya Ulaya na Marekani huuzwa kwa maelfu ya dola. Maelezo yanayoandamana nayo aghalabu ni mamoja: fedha ya Kijerumani ya wakati wa vita, iliyopigwa Tabora.

Maelezo hayo si ya uongo, lakini yamekatwa pasipostahili. Dhahabu ya ndovu huyo ilichimbwa Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba. Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega hupita uwanda wa juu wa Iramba, maeneo ya Misigiri na Ulemo, kisha barabara humteremsha Mlima Sekenke hadi Shelui na mbuga za Wembere. Madereva wa malori wanaujua mlima huo kwa kona zake na kwa waliopoteza maisha humo. Wachache wanajua kuwa hapo Wajerumani walifungua, mwaka 1909, mgodi wa kwanza wa dhahabu katika koloni lao la Afrika Mashariki.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na fedha kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ya kikoloni ikachapa noti kwa karatasi yoyote iliyopatikana, kisha ikaigeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Humo zilipigwa hela za shaba, na humo zikapigwa sarafu za ndovu 16,198, kila moja ikiwa na uzito wa gramu saba na kitu, robo tatu yake dhahabu safi. Ukizidisha, unapata kiasi cha kilo 87 za dhahabu.

Sisi wa Visiwani tusione mambo haya kuwa ya bara tu. Rupia ilikuwa fedha yetu pia hadi mwaka 1936, na sarafu za Sayyid Barghash za mwaka 1299 Hijria, zenye picha ya mizani, nazo zilipigwa ng'ambo. Lugha yetu imeweka kumbukumbu kuliko sisi wenyewe: pesa tumeipata Bara Hindi, hela tumeachiwa na Mjerumani. Tunazitamka kila siku sokoni bila kujiuliza zimefikaje midomoni mwetu.

Hesabu nyingine ndiyo inayonikera zaidi. Kodi ya nyumba aliyoianzisha Mjerumani mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Basi sarafu moja ya ndovu ni kodi ya nyumba tano. Na kodi ile haikuwekwa kujaza hazina peke yake; ilikusudiwa pia kumtoa mkulima shambani mwake akatafute kazi ya ujira, maana rupia haikuota pamoja na uwele na mtama. Anayeitoa dhahabu ardhini hulipwa rupia, na rupia ile ile hurudi kwa aliyempa. Huo ndio utawala, waama, hata pasipo askari mlangoni.

Wauzaji wa leo wanataja idadi ya sarafu, uzito wake, tofauti ndogo za mapambo pembeni, hata mikwaruzo. Sekenke ikitajwa, hutajwa kama asili ya madini, mfano wa mtu anayetaja duka alikonunua kitambaa. Wachimbaji hawatajwi kabisa, wala hatuwezi kumlaumu mfanyabiashara wa mbali peke yake, ilhali sisi wenyewe tunawafundisha watoto historia ya vita vile kwa majina ya majenerali. Wachimbaji wadogo wangalipo Sekenke hadi leo, wakipasua mwamba ule ule.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kiwanda kikafikia kikomo chake. Na ule mlima ulio nyuma ya ndovu si Sekenke. Husemwa kuwa ni Kilimanjaro, na mwezi Machi wa mwaka huohuo Waingereza walikuwa wameshaiteka Moshi.