Kutoka Kijiweni hadi Kwenye Simu: Safari ya Ricky Rapa Thomson Ikitazamwa kutoka Gitega na Muyinga

1.0 Utangulizi

Historia ya kampuni za usafiri wa kuitwa kwa simu husimuliwa kwa kawaida kuanzia San Francisco, ilikozaliwa Uber mwaka 2009. Masimulizi hayo humtanguliza mvumbuzi na kumfanya dereva kuwa mtu aliyekuja baadaye. Safari ya kibiashara ya Ricky Rapa Thomson, mmoja wa waasisi watatu wa SafeBoda ya Kampala, inaupindua mpangilio huo: dereva alitangulia, kampuni ikafuata. Makala haya yanaifuatilia safari hiyo na kuitazama kutoka Gitega na Muyinga, miji ya Burundi ambako baiskeli na pikipiki za abiria ni sehemu ya maisha ya kila siku. Hoja yake kuu ni kwamba mtaji wa kwanza wa biashara hii si programu ya simu, bali ni imani iliyojengwa kijiweni kabla ya programu hiyo kubuniwa.

2.0 Kijiwe Kabla ya Kampuni

Jina boda boda linahusishwa na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Vijana wenye baiskeli waliwavusha wasafiri na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, wakiinadi huduma yao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, ambalo midomo ya wenyeji ililipa irabu za Kibantu. Baiskeli zilipopisha pikipiki, jina lilibaki.

Pamoja na jina, ulibaki pia utaratibu. Kijiwe cha Kampala kina mwenyekiti, kina kiingilio, na mgeni hapokelewi hivi hivi. Abiria anayerudi kijiwe kilekile kila asubuhi anamjua dereva wake kwa sura, na akipotelewa na mzigo anajua pa kuuliza. Udhaifu wa mfumo huo ni kwamba imani yake haivuki mtaa. Abiria aliye ugenini hupanda pikipiki ya mtu asiyemjua, mara nyingi bila kofia ngumu.

3.0 Dereva Aliyegeuka Mwasisi

Thomson aliujua udhaifu huo kutokana na kazi yake mwenyewe, kwani alikuwa dereva wa boda boda jijini Kampala. Mwaka 2014 yeye, Alastair Sussock na Maxime Dieudonné walianzisha SafeBoda. Alama za kampuni zilionekana barabarani kabla ya kuonekana kwenye skrini: madereva waliovaa rangi ya chungwa, kofia ya pili kwa ajili ya abiria, na mafunzo ya usalama barabarani na huduma ya kwanza. Programu ya simu iliongeza jambo moja kubwa: ilimwezesha mtu wa mtaa mwingine kumtambua dereva kama wanavyomtambua wateja wake wa kila siku.

Mafanikio yalivuta mitaji na ushindani. Mwaka 2018 kampuni iliingia Nairobi, na mwaka 2019 ilipata uwekezaji kutoka Allianz ya Ujerumani na Gojek ya Indonesia. Kisha likaja janga la UVIKO-19. Machi 2020 serikali ya Uganda ilizuia boda boda kubeba abiria, na kampuni ikageukia kusafirisha bidhaa za sokoni hadi majumbani. Mwishoni mwa mwaka huo iliondoka Nairobi. Hapo ndipo ulipo upande wa pili wa historia hii. Sifa ya kijiweni ni ya dereva na wenzake. Sifa iliyohifadhiwa ndani ya programu hutegemea uhai wa kampuni, na dereva hawezi kuihamisha.

4.0 Gitega na Muyinga

Gitega, kituo cha utawala wa Kijerumani tangu 1912, ilirudishiwa hadhi ya makao makuu ya kisiasa mwaka 2019. Muyinga, kaskazini mashariki, iko kwenye njia iendayo Kobero, mpakani na Tanzania. Msamiati wa usafiri hapa unabeba historia hiyo. Kirundi kina ikinga kwa baiskeli na kimeichukua pikipiki ya Kiswahili kuwa ipikipiki, huku Kifaransa kikileta moto, neno ambalo Mswahili wa pwani angelisikia kama jina la kitu kinachounguza.

Mazingira, hata hivyo, si ya Kampala. Uhaba wa mafuta uliikumba Burundi mara kwa mara katika miaka ya 2020, na programu haiwezi kuita pikipiki yenye tangi tupu. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji za abiria zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura, na vijana wengi walipoteza eneo lao la kazi kwa amri moja. Katika hali kama hiyo, chama cha madereva chenye sauti mbele ya serikali kina uzito kuliko teknolojia yoyote.

5.0 Hitimisho

Safari ya Thomson haionyeshi kwamba kila mji unahitaji SafeBoda yake. Inaonyesha kwamba aliyeijua kazi ndiye aliyejua kilichopungua. Mjasiriamali atakayefika Gitega au Muyinga hana budi kuanzia kwa wale ambao abiria wanawajua tayari kwa majina, kuandika mikataba kwa Kirundi na Kiswahili wanachokielewa madereva, na kukubali tangu mwanzo kwamba rekodi ya kazi njema ni mali ya dereva, hata siku kampuni itakapofunga milango.